Aliye Juu Ndiye Anayeita

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa najua hukai. Hapa sote wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Lile shuka ulilotutumia amelitandika kitandani na amenikataza kulikalia mchana. Binti mkubwa amefaulu mtihani, na sasa anatusahihisha kila tukifungua mdomo. Mdogo wake ameota jino mbele ya jino na anajivunia kama kalinunua mwenyewe. Paka wa jirani amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku letu la mablanketi ya kufungia vyombo tunapohamisha watu, na wifi yako amekataa waondolewe. Kwa hiyo siku hizi tunafunga meza za watu kwa magazeti, na wino unabaki kwenye mbao, na wateja wananuna.

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Tukipigiana simu tunagombana, na anayekata kwanza huwa ni wewe. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi.

Habari kubwa ni kwamba nimerudi kazini. Tangu siku ile nilipoteleza na friji kwenye ngazi zilizomwagiwa maji, kano ya goti ikakatika, wakanipasua na kuniwekea nyingine, nimekaa mpaka kiti kimenichoka. Sasa basi. Goti ni zima. Wiki iliyopita mimi na Mrefu wako tulimhamisha mshona nguo mmoja kutoka ghorofa ya tatu: cherehani, kitanda, na kabati la mbao zito la kukata pumzi. Mrefu chini, mimi juu, kama kawaida yetu. Mwanao ana nguvu na hana maneno mengi. Nguvu najua kazitoa kwako, hilo la pili sijui.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu yule wa dirisha la mizigo pale stendi ya mabasi aliiweka chini ya gunia la mtu akaisahau. Nimeipata ina harufu ya vitunguu.

Mimi nipo. Hoteli imejaa watu wa mkutano, na watu wa mkutano wanabadilisha taulo kama wanalipwa kwa hilo. Pasi moja kubwa ya mvuke imeharibika, kwa hiyo mashuka yote yanapita kwenye hii moja, na mimi ndiye niliye mbele yake. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani na viatu vyangu, nasubiri hamu ya kuvivua. Mpongeze binti mkubwa, mwambie shangazi yake hasahihishwi.

Sasa tuje kwako. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta goti. Paka umemwandikia kurasa. Goti umelipa maneno matatu. Nakujua tangu ulipokuwa unajifunza kusimama kwa kushika sketi yangu. Ukiwa na jambo, unaniletea paka.

Mrefu ndiye mtoto niliye naye. Nilimleta kwako baada ya baba yake kututoka, kwa sababu nilitaka afundishwe kazi na mtu aliyefundishwa na baba yetu. Sikumleta akae chini ya kabati linaloshikiliwa na mguu ninaoambiwa ni mzima, basi, nukta. Yule mtaalamu wa mazoezi anayekutibu goti anasemaje? Sikuulizi wewe unasemaje. Yeye.

Msalimie wifi. Asikuonee, kalia shuka.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimebanana, kila mtu anahama mwezi huu utafikiri kuna kinachowafukuza. Hapa wazima. Wifi yako alipata mafua yakapita. Wale watoto wa paka wamefumbua macho na wanakojoa kwenye mablanketi.

Haya, umetaka ya mtaalamu. Ni binti mdogo tu, ananiita baba huku ananitesa. Alinilaza, akaweka kiganja juu ya paja, akasema, "Kaza, baba." Nikakaza. Akasema, "Bado hujakaza." Nikauma meno, nikakaza na roho. Akaniangalia kwa upole akasema, "Baba, umekaza shingo." Kisha akanifunga kwenye kiti chenye mashine, nikasukuma kwa mguu mzima, halafu kwa huu. Kilichosomeka pale sikuandikii.

Anasema kano imeshonwa vizuri na misuli ya paja ipo, ingawa imenywea. Shida anasema iko kichwani. Ile kano ya zamani ilikuwa inapeleka habari kwenye ubongo: goti limekunjwa kiasi gani, limeelemea wapi. Ilipokatika, habari nazo zikakatika, na hii mpya ni kamba tu, bado haijui kusema. Basi ubongo nao umeogopa, umebana amri, hauliachii paja likaze lote. Na kwa kuwa hausikii goti, umeanza kulitafuta kwa macho. Akaniambia nisimame kwa mguu ule nifumbe macho. Nilimwangukia, dada. Binti mwembamba, tukaenda chini wote wawili.

Anasema wengi inawatokea, na kuufundisha ubongo upya kunachukua muda mrefu, kwa hiyo nisibebe mizigo ngazini kwanza. Lakini mimi sijawahi kuumwa kichwa. Niliumia goti. Nikienda kumwambia mteja kwamba kichwa changu kimelisahau goti langu, nani ataniachia vyombo vyake? Sina kazi nyingine, dada. Nimechoka kukaa, nimechoka kuulizwa naendeleaje, nimechoka kumwona wifi yako akinipisha mlangoni kama mgonjwa. Nikishika kabati, angalau nachoka uchovu ninaoujua.

Na wewe usikae roho juu kwa ajili ya Mrefu. Amekuwa fundi kweli. Juzi tulimshushia kabati mwalimu mmoja wa ghorofa ya nne, ngazi nyembamba na taa imeungua, na mwanao kule chini akawa ananiitia kila kipandio. "Umefika, mjomba. Umefika, mjomba." Taratibu, hata hakupaza sauti. Adabu ile sijui kajifunza wapi. Tulifika chini hatujagusa ukuta.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, nikikumbuka.

Tangu lini aliye chini ndiye anayeita?

Baba hakuniajiri kwa kuwa nilikuwa msichana, lakini nilibeba viti vyake na mito yake, na nilikaa kwenye ngazi za watu nikimsikiliza. Aliye juu ndiye anayeita. Anakanyaga, anahakikisha mguu umetulia, anasema "haya", ndipo wa chini anashusha wake. Wa chini anakwenda kinyumenyume, uzito wote uko kifuani kwake, na kazi yake ni kusikiliza na kupapasa kipandio kwa kisigino. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yenu. Wewe mwenyewe ulikuwa unaichezea utotoni, unashuka ngazi na sanduku tupu, "haya, haya," mpaka mama anakufukuza.

Sasa tulia ufikiri. Mrefu anajuaje kama umefika? Wewe huoni miguu yako, kabati liko mbele yako. Yeye anaiona kwa chini ya kabati. Maana yake haangalii anapokanyaga yeye. Anashuka kinyumenyume na mali ya watu kifuani, na macho yake yako kwenye mguu wako, kwa sababu wewe huuoni na wenyewe haukuambii kitu. Mwanangu hakujifunza adabu. Mwanangu amekuwa macho yako, na hukumwomba, wala hujui.

Nimempigia simu. Nimemuuliza. Akasema, "Mama, mjomba ni mzima." Maneno yako yale yale. Yeye hatakuambia kamwe. Umemlisha, umempa kitanda na kazi, ataanzaje kukuambia mguu wako haufai? Ataendelea kukuitia mpaka siku atakapoikosa ngazi yake. Siku hiyo mtanipigia simu, na siku hiyo sitakata.

Nina hasira na nina hofu, na vyote viwili vimenichosha. Sikukatazi kazi. Nakukataza ngazi ambazo mwanangu yuko chini yake. Ningeweza kumwita arudi kesho na angekuja. Lakini nataka uwe wewe wa kumwambia, kwa kinywa chako, kwamba mguu bado. Nimemwagiza asishike mzigo na wewe ngazini mpaka nipate jibu lako.

Wasalimie wote. Na hao paka.

Dada yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Sijapata barua. Nimekwenda dirisha la mizigo mpaka yule bwana akiniona kwa mbali anatikisa kichwa.

Pasi imetengenezwa. Nimehamishiwa kwenye kukunja, nakaa kidogo. Mvua imeharibu ukuta wa chumba changu, nimesogeza kitanda.

Mrefu ameniambia hafanyi kazi, mgongo unamuuma. Nimemzaa mimi. Mgongo ule haujawahi kuuma.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Karatasi tupu pia ningeipokea.

Dada yako


11 Julai

Dada,

Shikamoo. Wifi yako hajambo, watoto hawajambo, paka wamegawiwa kwa majirani isipokuwa mmoja ambaye analala ndani ya kiatu changu cha kazi. Kiatu chenyewe hakina kazi kwa sasa, utaelewa kwa nini.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Halafu hasira ikaisha, na sikukujibu kwa sababu nilijua una haki. Hicho cha pili kilinichelewesha zaidi.

Kesho yake baada ya wewe kumpigia simu, Mrefu aliamka ameshika kiuno. "Mgongo, mjomba." Nilimchua kwa mafuta mimi mwenyewe, dada. Nilimkanda kwa maji moto, nikamtania kwamba vijana wa siku hizi ni biskuti, wakiguswa na chai wanakatika. Alilala kifudifudi akavumilia kukandwa mgongo mzima usio na kitu, mradi tu asiniambie ukweli.

Mimi nikatafuta mtu mwingine. Kuna bwana mmoja mpana anayebeba mifuko kwenye majengo, wanamwita Saruji. Tukaenda kushusha kabati la droo, yeye chini, mimi juu. Nikashuka vipandio vya mwanzo vizuri, maana pale juu nilikuwa nachungulia pembeni na mwanga ulikuwepo. Tukaingia kwenye kiza cha katikati. Nikashusha mguu, nikataka kusema "haya", neno halikutoka. Nikasubiri kuambiwa nimefika. Hakuna aliyeniambia. Saruji naye alikuwa ananisubiri mimi, kama kazi inavyotaka.

Sikujua mguu uko wapi. Nakuambia kweli tupu. Ulikuwa wangu, mwisho wa mwili wangu, na sikujua kama umekanyaga au unaning'inia. Nikainamisha kabati nichungulie, paja likalegea, kabati likashuka likambana yule bwana ukutani. Ashukuriwe Mungu lilichubua bega tu. Tukalitua pale ngazi zinapokata kona. Akajifuta damu, akaniangalia miguu kabla hajaniangalia usoni, akasema, "Mzee, mimi nina watoto." Akaondoka.

Nilibaki na kabati kwenye ile kona. Wapangaji wakawa wananipita wakidhani napumzika, mmoja akanipa pole ya kazi. Ikanijia ile sauti: Umefika, mjomba. Kabati la mwalimu. Kabati la mshona nguo. Safari zote zile nilizokuwa nikirudi nyumbani nikijisifia goti, ni yeye aliyekuwa akinishusha. Na mimi nikakuandikia wewe, mama yake, nikiiita adabu. Nililia pale, dada. Nakuandikia ujue.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anaosha vyombo, amesahau kushika kiuno. Nikamwambia, "Mguu bado. Na ulijua."

Akasema, "Nilijua, mjomba."

"Mbona hukusema?"

Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Ulikuwa umefurahi kurudi."

Basi. Mgongo wake ukapona palepale, na mafuta yamebaki nusu chupa. Mimi nimerudi kwa yule binti, nimemwomba radhi, naye ameniambia, "Lala, baba, kaza." Ngazi nimeziacha. Nafunga vyombo vya glasi kwenye magazeti na kulinda lori. Saruji nilimfuata kwake kumwangalia bega. Amekubali kufanya kazi na Mrefu kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekuwa chini, kwa kuwa ni mpana, na atakayekuwa juu awe na miguu miwili. Kwa hiyo mwanao sasa yuko juu, dada. Hana kitu juu ya kichwa chake ila dari.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye dirisha la mizigo, watu wakinisukuma nyuma. Yule bwana akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mdogo wangu ameongea.

Sina mengi. Ukuta umekauka. Nimelala usingizi wa kweli, nikaamka nimechelewa kazini, na msimamizi amenifokea mpaka akachoka yeye. Sikujali hata kidogo.

Usije ukafikiri nilitaka ukae kitini. Mimi ndiye niliyekushika ulipokuwa unajifunza kusimama, na ulikuwa mzito. Fanya anavyokuambia huyo binti. Ukichoka, andika kwamba umechoka, usiniletee paka.

Saruji mpe pole yangu.

Dada yako


22 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Nimechoka. Umeona, nimeandika.

Kila asubuhi nakwenda kwa yule binti. Ananibandika nyaya pajani, umeme unapita, paja linaruka lenyewe, na mimi naliangalia kama la mtu mwingine. Akizima umeme ananiambia nikaze nikiwa nimeangalia, linakaza kidogo. Nikifumba macho halijibu. Nyumbani nafanya hivyo hivyo mlangoni, nimefumba macho, nimeshika fremu, wifi yako akipita na ndoo ananiambia nihamie upande mmoja. Binti anasema ubongo unajifunza polepole, nisiukasirikie. Nimeukasirikia sana, dada. Kuna siku nilitaka kumwambia wifi yako auze lile troli la kubebea.

Jana tulikuwa tunamhamisha yule yule mwalimu wa ghorofa ya nne. Kahama tena, nyumba mpya haikumpenda. Mimi nilikaa nyuma ya lori, injini imezimwa, nimezungukwa na vikombe vyake, navifunga kimoja kimoja. Macho yangu yalikuwa kwenye kikombe. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na kutoka ndani kabisa, juu, nikamsikia Mrefu.

"Haya."

Hatua moja.

"Haya."

Aliita kama baba, dada. Baba alikufa kabla Mrefu hajazaliwa, na mimi sikumbuki kumfundisha kwa sauti ile. Lakini ilikuwa ile ile, anavuta kidogo mwishoni, halafu anangoja.

Nikahisi kitu juu ya goti. Nilidhani lori limetikisika. Nikaweka kikombe chini, nikafumba macho, nikaweka kiganja pajani kama binti anavyofanya.

"Haya," Mrefu akasema kule ndani, na paja likakaza. Nikangoja. "Haya." Likakaza tena. Bila waya, bila macho, hakuna aliyeliambia kitu ila ile sauti. Na haikuwa shingo, dada. Nilihakikisha shingo.

Nilikaa hivyo wakishuka ghorofa kwa ghorofa. Walipotokea mlangoni na kabati, wakalipakia, Mrefu akaniona nimefumba macho, machozi yananitoka, akaja mbio. "Mjomba, umeumia?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia asimame pale pale na aite tena.

"Niite nini? Sina kitu mkononi."

"Ita tu."

Akamwangalia Saruji, Saruji akainua mabega. Basi mwanao akasimama kando ya barabara, mikono mitupu, watu wanapita wanamshangaa, akaita.

Mdogo wako